Malaria ya Jumatatu

Kila Jumatatu, siku ya gulio la Lusahunga, Asmaa alikuwa akitoka shule, anachota maji, anasonga ugali, kisha anakula peke yake. Kaka yake Luqmani, mpakuaji wa mizigo ya malori, alikuwa akirudi jioni akiwa mzito wa ulimi. Alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya mgongo vilivyouzwa kwa kificho gulioni bila cheti cha daktari. Alianza na kimoja, siku hizi ni kiganja kizima. “Mtu akiuliza, sema ni malaria,” alimwonya mdogo wake. Asmaa alitii, maana tangu mama yao afariki hakuwa na mtu mwingine duniani, na upweke ulimtisha kuliko uongo.

Jumatatu moja alimkuta Luqmani chali sakafuni, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi. Alimtikisa, wapi. Jirani yao, Mama Leonsia, alikuja mbio na kikombe cha maziwa amnyweshe, kama wengi wafanyavyo mtu akila sumu. Asmaa akapiga simu kituo cha afya kuomba gari la wagonjwa.

“Shikamoo. Kaka yangu hazinduki. Ana malaria.”

“Marahaba,” alijibu muuguzi Ernesta. “Mwanangu, daftari langu la safari za gari limejaa malaria za Lusahunga, na zote ni za Jumatatu. Malaria haijui siku ya gulio. Amekula nini?”

Asmaa aliogopa. Akisema, huenda polisi wakamchukua kaka yake. Asiposema, atamzika.

“Vidonge vya maumivu,” alisema. “Vingi.”

Asmaa alipomtajia maziwa, muuguzi aliyakataza, yangempalia. Wamlaze kwa ubavu na kuangalia kama anapumua. Gari lilifika na sindano ya kuzima nguvu ya vidonge, na Luqmani akavuta pumzi ndefu.

Kesho yake, wodini, aliuliza kwa aibu kama Asmaa alisema.

“Nilisema, kaka. Sitaki kula peke yangu tena.”

Luqmani aligeukia ukutani akalia. Siku hiyohiyo alikubali kuanza matibabu ya kuacha vidonge.

“Miezi mitatu nimepeleka dawa za malaria kwa watu waliohitaji sindano ile,” muuguzi Ernesta alimwambia Asmaa. “Wawili hatukuwawahi. Walifichwa na watu waliowapenda. Ukimpenda mgonjwa, sema ukweli wote.”

Kisha akafungua daftari, na kwenye mstari wa Luqmani akafuta neno malaria, akaandika vidonge.