Knutson wa Daraja Ni Yupi?

Arlys Knutson alikuwa ameshakamua ng'ombe wote sitini, ameosha mashine, na amekaanga mayai. Gari la maziwa lilikuwa bado. Mumewe, Delmar, alisimama mlangoni na buti zake za matope, akiangalia barabara.

"Limechelewa tena," alisema.

"Toa hizo buti jikoni kwangu," Arlys akamjibu.

Mezani alikaa Bernice, mama yake Delmar. Alikuwa na miaka themanini na minane, na masikio yake yalisikia yale aliyoyataka tu. Alichovya mkate kwenye kahawa.

Gari lilifika saa tatu. Dereva aliitwa Dwayne, mtu mpole, mwenye tumbo lililomtangulia. Siku hiyo hakutania.

"Tangu daraja la kijito lifungwe, nazunguka maili ishirini kuja kwenu," alisema. "Kampuni imechoka. Wamesema watavumilia majira ya baridi ya mwaka huu. Ya mwaka ujao, hapana. Kama daraja halijafunguliwa, siji tena."

"Na maziwa yetu?" Arlys aliuliza.

Dwayne aliangalia viatu vyake. "Sijui, Arlys. Sijui kabisa."

Maziwa bila gari ni ya kumwaga. Na mfugaji anayemwaga maziwa kila siku atawauza ng'ombe wake, apende asipende. Arlys alijua hivyo, na Delmar alijua hivyo. Siku hiyo mayai ya Delmar yalipoa kwenye sahani, naye si mtu wa kuacha mayai.

"Acheni kununa," Bernice alisema. "Pigeni simu serikalini. Serikali imejaa watu wetu."

Hapo alisema kweli. Katika wilaya ya Torsby, kule Minnesota, akina Knutson ni wengi mno. Mkuu wa polisi ni Knutson. Mwanasheria wa wilaya ni Knutson. Msajili wa ardhi ni Knutson. Diwani wa kata yao naye ni Knutson. Na Bernice aliwachagua wote. Sheria yake ilikuwa moja: unaingia kituo cha kura, unatafuta jina Knutson, unaweka alama, unakwenda nyumbani kunywa kahawa. Delmar alimfuata mama yake. Arlys alimfuata Delmar. Ndivyo walivyopiga kura kwa miaka thelathini na mitano.

Delmar akachukua simu. Alianza na mkuu wa polisi.

"Daraja?" mkuu wa polisi alishangaa. "Mimi nakamata wezi, bwana. Daraja limeiba nini?"

Akampigia mwanasheria.

"Daraja limekushtaki?" mwanasheria aliuliza. "Halijakushtaki? Basi sina la kufanya. Msalimie mama."

Akampigia msajili wa ardhi, mwanamke mwenye sauti nyembamba. Yule alikwenda kutafuta kwenye makabati. Delmar alisubiri robo saa nzima, simu sikioni. Kisha msajili akarudi, akasema daraja halina hati kwake, ila amekuta hati ya shamba la babu yake Delmar, kama anataka nakala.

"Sitaki nakala! Nataka daraja!" Delmar alifoka. Uso ulikuwa mwekundu. "Tuna Knutson kila ofisi, na hakuna hata mmoja wa daraja!"

"Bado diwani," Arlys alimkumbusha. "Darrel."

Darrel Knutson alipokea simu mara moja. Alikuwa mchangamfu sana.

"Daraja la kijito? Ndiyo, ndugu yangu, mimi ndiye niliyelifunga! Ni kuukuu lile. Mwakani tunaling'oa kabisa. Watu wenyewe mnaopita huko hamfiki hata kumi."

Delmar alikata simu taratibu. Alikaa chini.

"Anasemaje?" Bernice aliuliza.

"Anasema yeye ndiye aliyelifunga, Mama."

"Haiwezekani. Huyo ni mtu wetu. Mimi nilimchagua."

Arlys akaanza kukusanya vyombo. Jamani, ungemjibu nini?

*

Jioni ile Maxine Pribyl alikuja na keki ya maboga. Maxine ni jirani yao, karani wa mji, na kila uchaguzi yeye ndiye msimamizi wa kituo. Alisikiliza mambo yote mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akavua miwani.

"Samahani," alisema. "Delmar, ulimpigia mkuu wa polisi kwa ajili ya daraja?"

"Ni Knutson!"

"Na mimi nikiumwa jino, nimpigie fundi wa bomba kwa sababu ni mjomba wangu?"

Arlys alijikuta anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Maxine alitoa karatasi kwenye mkoba, akaitandaza mezani. "Hii ni karatasi ya mfano. Inafanana na ile mtakayopewa siku ya kura, ila hii ni ya kusomea. Yeyote anaweza kuipata kabla ya uchaguzi. Msianze na majina. Anzeni hapa juu, kwenye kazi. Mkuu wa polisi anashughulika na usalama. Mwanasheria anashughulika na kesi. Msajili anatunza hati. Diwani ndiye anayeamua barabara na madaraja ya wilaya. Sasa someni, nani anagombea udiwani?"

Arlys alisogeza karatasi karibu. Kisha akaguna.

"Darrel Knutson," alisoma. "Na Lowell Knutson."

"Mungu wangu," Delmar alisema. "Wawili!"

"Wawili," Maxine alikubali. "Na kwa udiwani, chama cha mgombea hakiandikwi kwenye karatasi. Lakini angalieni vizuri. Sheria ya jimbo letu inasema wagombea wenye jina moja la ukoo wanaweza kuongezewa maneno yasiyozidi matatu kila mmoja, ili watu wasichanganyikiwe. Someni maneno yenyewe."

Chini ya Darrel palikuwa na maneno: *Diwani wa sasa*. Chini ya Lowell palikuwa na maneno: *Fundi wa matrekta*.

Bernice aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Lowell? Lowell yule? Huyo alimuuzia marehemu mume wangu trekta, likazimika siku ya kwanza ya mavuno! Mtu aliyeshindwa na trekta ataweza daraja?"

"Daraja halina injini, Mama Bernice," Maxine alisema.

"Na Darrel ni mtu wetu. Mababu zetu walikuja na meli moja kutoka Norwe."

"Na panya nao walikuja na meli hiyohiyo. Hatuwachagui."

Delmar aligeukia dirishani ili mama yake asione anavyocheka. Mabega yalimsaliti.

"Basi tuambie, Maxine," Arlys alisema. "Tumchague nani?"

Maxine alikunja karatasi. "Hilo hapana, shoga yangu. Mimi ni msimamizi. Nikuambie namna ya kupiga kura, nitakuambia mpaka uchoke. Nikuambie umpe nani, nafukuzwa kazi, na nastahili. Alhamisi wagombea wote watakuwa kanisani, kwenye ukumbi wa chini. Nendeni mkawaulize."

"Kuwauliza?" Arlys alishtuka. "Mbele za watu?"

*

Ungekuwa mtu wa Torsby, ungeelewa kwa nini alishtuka. Watu wa huko wana adabu iliyopita kiasi. Kipande cha mwisho cha keki hukaa sahanini mpaka kikauke, maana hakuna anayethubutu kukichukua. Mtu akiunguliwa nyumba, majirani huanza na hali ya hewa kabla ya kuleta ndoo. Kumuuliza mtu mzima swali la wazi hadharani ni kama kumvua kofia.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Watu walikula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, wakanywa kahawa, wakasifu viazi. Darrel alisimama, akasema mvua za mwaka huu si haba. Watu wakatikisa vichwa. Lowell, mtu mwembamba mwenye mafuta meusi kwenye kucha, alisimama akasema kweli, mvua si haba. Watu wakatikisa vichwa tena. Kisha mchungaji akauliza kama kuna swali, na kila mtu akaangalia sahani yake.

Arlys alimtazama Delmar. Delmar alikuwa anachunguza kiazi.

Aliwafikiria ng'ombe sitini. Aliyajua majina ya wote. Akaweka kikombe chini, akasimama.

"Nina swali," alisema. "Daraja la kijito. Nauliza kila mmoja wenu. Mtalitengeneza au mtaling'oa?"

Darrel alitabasamu. "Swali zuri sana. Madaraja ni muhimu. Kila mtu anajua mimi napenda madaraja. Na mvua hizi, kama nilivyosema..."

"Utalitengeneza au utaling'oa?" Arlys alirudia. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Mwanamke mmoja nyuma aliangusha kijiko.

Darrel aliacha kutabasamu. "Tutaling'oa," alisema.

Lowell alijikuna shingo. "Mimi niliingia chini ya daraja wiki iliyopita. Nguzo zilizooza ni mbili. Nyingine nzima. Linatengenezeka. Lakini nisiwadanganye. Madiwani ni watano, na kura yangu ni moja tu. Nitahitaji wengine wawili wakubali."

"Asante," Arlys alisema, akakaa. Delmar alimshika mkono chini ya meza, akaubana.

Waliporudi nyumbani, walimweleza Bernice kila kitu. Bernice alinuna siku tatu. Siku ya nne, akiwa anamenya viazi, alisema, "Lile trekta labda lilikuwa na maji kwenye mafuta." Hakusema zaidi ya hapo.

*

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumanne ya baridi kali. Walikwenda wote watatu. Maxine alikuwa amekaa mezani na orodha yake, na uso wa kazi. Alimpa kila mmoja karatasi.

Arlys alisoma polepole, kazi kwanza, jina baadaye. Kwenye udiwani alijaza kiduara cha Lowell, fundi wa matrekta. Alipofika kwenye nafasi ya hakimu, maana kule hata mahakimu hupigiwa kura, hakumjua mgombea hata kidogo, akapaacha wazi. Maxine alikuwa amewaambia kwamba hilo linaruhusiwa, na karatasi haiharibiki.

Ghafla sauti ikalipuka kwenye kibanda cha pili.

"Mkono huu mjinga!" Bernice alipiga kelele. "Umekwenda wenyewe! Nimempa Darrel!"

Watu wote kituoni waligeuka. Mzee mmoja alicheka, mkewe akamkanyaga.

"Mama Bernice, usitangaze!" Maxine alikimbia. "Kura ni siri!"

"Siri gani na nimeshaharibu? Miaka sitini namwekea alama Knutson wa kwanza juu! Nifute?"

"Usifute. Usiandike juu yake. Umeshaitia kwenye mashine ya kuhesabia kura?"

"Bado."

"Basi hakuna kilichoharibika. Ukikosea, rudisha karatasi kabla hujaitia mashineni. Tunaibatilisha, tunakupa mpya. Ni haki yako."

Bernice alimtazama kwa mashaka. "Bure?"

"Bure."

Alipewa nyingine. Alikaa kibandani dakika ishirini. Arlys alimsikia akinong'ona, "Fundi. Fundi. Wewe mkono, fundi." Alitoka kichwa juu, akatia karatasi mashineni, akafunga skafu yake na kwenda garini bila kumuaga mtu.

Lowell alishinda kwa tofauti ya kura kumi na tisa.

Lakini daraja halikujitengeneza. Mwezi wa pili Arlys alikwenda kwenye kikao cha madiwani, akakaa mstari wa mbele. Mwezi wa tatu alirudi, na safari hii alikuwa na Dwayne, wafugaji wengine wanne na keki. Aliwauliza madiwani mmoja mmoja, kwa majina yao yote mawili. Walipopiga kura, watatu walikubali na wawili walikataa. Hesabu hiyo ilitosha. Mwezi wa sita mafundi wakaja na nguzo mpya.

Daraja lilifunguliwa asubuhi moja ya mwezi wa nane. Arlys, Delmar na Bernice walisimama kando ya kijito. Gari la maziwa lilitokea ng'ambo, likapunguza mwendo, likavuka. Mbao hazikulia hata kidogo. Dwayne alipiga honi, akawapungia mkono.

Arlys alianza kulia. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Unalia nini sasa?" Bernice aliuliza. "Si limepita?"

"Nalia kwa hasira, Mama," Arlys alisema. "Darrel tulimweka sisi. Tulikaribia kupoteza ng'ombe wetu, na aliyelifunga daraja tulimchagua kwa mikono yetu."

Bernice aliangalia maji yakipita kati ya nguzo.

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema mwishowe. "Nilichagua jina, mtu mwenyewe sikumjua. Hilo nalikubali." Kisha akamgeukia Delmar, akamgeukia Arlys, na jicho lake likawa kali. "Lakini nyinyi, watu wazima, nani aliwatuma mnifuate? Kila mtu si alipewa karatasi yake?"