Sivi Joint ya Kushoto

Rafiki yangu fundi magari si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana namwamini. Mchana mmoja dada yake alimletea kigari kilichokuwa kinagonga kila kikikata kona: ka, ka, ka.

"Mpira wa kuifunika umepasuka, grisi imemwagika, vumbi limekula sivi joint ya kushoto, hiki kiungo kinachozungusha gurudumu," alimwambia. "Ungekuja mapema ningebadilisha mpira tu."

"Utanigombeza baadaye, kaka. Watoto wananisubiri."

Alimfungia mpya, dada akaondoka. Ile ya zamani aliipeleka stoo isiyo na dirisha, na hapo hapo umeme ukakatika. Katika giza totoro akaisikia: ka, ka, ka. Ikanyamaza. Akapapasa simu, akampigia dada.

"Uko wapi?"

"Ndiyo nimemaliza kukata kona ya nyumbani. Gari limetulia kabisa, ahsante."

Dakika chache baadaye ikaanza tena, polepole, kama ya gari lililokatwa usukani mpaka mwisho. Akapiga tena.

"Dada, simamisha gari!"

"Nimeshapaki, kaka. Ufunguo ninao hapa jikoni, watoto wanacheza uani." Akachungulia dirishani. "Nani amewasha gari?"

Fundi aliishika ile joint kwa mikono miwili, akaibana kifuani kwa nguvu zake zote. Ikaendelea kuzunguka viganjani mwake.