Mshika Sita wa Mogitu

Dirisha la ofisi ya chama cha wafugaji wa maziwa, Mbulu mjini, lilivunjwa Jumapili watu wakiwa kanisani. "Kuvunjwa" ni neno la mlinzi. Vioo vya luva vilichomolewa kimoja kimoja, vikapangwa chini na gazeti katikati, na hakuna kilichopata ufa.

Jumatatu asubuhi Inspekta Perpetua alichuchumaa akavitazama.

"Huyu ni fundi vioo," alisema Koplo Lukasi.

"Na wavu?"

Wavu wa mbu ulikuwa umekatwa, kisha ukashonwa tena kwa uzi mweusi, kila mshono na fundo lake, kama kidonda kinavyoshonwa zahanati.

"Basi yupo na muuguzi, afande. Wawili."

"Na Mheshimiwa?"

Koplo alijikuna kichwa. Mheshimiwa alikuwa fahali wa mbegu wa chama. Alifungwa chini ya dirisha badala ya mbwa, na alishawahi kumrusha mlinzi juu ya ua. Sasa alikuwa kwenye nguzo ya nyuma, anacheua, mpole kabisa.

"Watatu, afande. Kuna na mchungaji."

Ndani hakikupotea kitu. Redio ipo, kompyuta mpya ipo. Sanduku la maombi ya kazi tu ndilo lililoachwa wazi.

"Maombi yamechezewa!" alifoka Mzee Wilbard, mwenyekiti. "Usaili naufuta. Wote warudi kwao!"

Barazani waombaji walikuwa wamejaa, tai shingoni. Tangu mashamba makubwa ya ngano yauzwe na Manyara iwe mkoa, kila mtu alitembea na bahasha kwapani. Hapa waliigombania nafasi ya msimamizi wa kituo cha maziwa.

"Shikamoo mzee. Wewe unatafuta mtu wa namna gani?" Perpetua aliuliza.

"Marahaba. Mtu aliyetulia kwenye kazi moja. Mshika mbili, moja humponyoka."

Perpetua aliligeukia sanduku lililoachwa wazi. Wezi watatu hawaingii mahali wakatoka mikono mitupu; wangegombana hata kwa redio. Lakini mtu mmoja mwenye kazi tatu? Alitoka nje hadi barazani, akapaza sauti.

"Mwenyekiti anasema mshika mbili, moja humponyoka! Mlinzi anaogopa fahali. Nani kati yenu atamrudisha mahali pake?"

Wenye tai walitazama viatu vyao. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana mafua.

Mwanamke wa makamo, kitenge kimepigwa pasi, aliinuka. Alimkabidhi jirani bahasha yake, akaenda kwa fahali akimsemesha polepole. Alimkuna shina la mkia, akafungua kamba, akamwongoza hadi chini ya dirisha na kumfunga. Watu walirudi nyuma. Fahali alikuwa amemfuata kama ndama.

"Afande," Koplo alinong'ona, "fundo ni lilelile la nguzo ya nyuma."

"Jina?" aliuliza Perpetua.

"Imakulata, wa Mogitu. Na usijisumbue, afande. Ni mimi."

"Vioo?"

"Nilivipachika mwenyewe jengo hili likijengwa. Nilikuwa saidia fundi."

"Wavu?"

"Nilikuwa mhudumu zahanati, Balangdalalu. Niliushona ili karani wenu asiumwe na mbu."

"Uliiba nini?"

"Bahasha yangu. Nikaweka nyingine yangu."

"Kwa nini?"

Hapo sauti yake ilipanda.

"Kaka yangu Emilian ni mwalimu. Alinichapishia wasifu, akauleta mwenyewe. Jumamosi jioni ananipa nakala, eti nikariri! Nakuta mimi ni karani wa duka miaka yote. Duka lenyewe halipo! Amefuta ngano, amefuta ujenzi, amefuta zahanati, amefuta cherehani, amefuta ng'ombe. Amefuta na pombe niliyouza mnadani nikamsomesha ualimu. Anasema wakubwa hawamtaki mtu wa kuhangaika. Mimi sikuhangaika, afande. Nilifanya kazi!"

"Ungesema leo asubuhi."

"Uongo ukishasomwa, nani angenisikiliza?"

"Mwizi!" Mzee Wilbard alidakia.

Imakulata alimgeukia, kichwa juu.

"Shikamoo mzee. Umesema mshika mbili, moja humponyoka. Mimi nimeshika sita, na hakuna iliyoniponyoka. Muulize fahali wako."

Barazani mtu alicheka. Mwenyekiti hakucheka, ila hakutamka tena habari ya kuwarudisha watu kwao.

Kwenye kituo cha polisi, Perpetua alianza kuandika maelezo ya onyo ya Imakulata. Mzee Wilbard aliketi kwenye benchi, kwa kuwa ndiye mlalamikaji.

"Kabila?"

"Mwiraqw."

"Kazi?"

"Ipi?"

"Kazi yako, dada. Nafasi hapa ni ndogo."

"Basi ongeza karatasi. Alinipunguza kaka yangu, usinipunguze na wewe."

Perpetua alimtazama kidogo, akaongeza karatasi. Imakulata alianzia kwenye trekta za ngano, akapita ujenzi, zahanati, cherehani, mnada. Alipofika kwa ng'ombe wa mtu aliyevimba kiwele, wenye mali wakiwa wameshakata tamaa, benchi lililia.

"Ulimtibuje?" Mzee Wilbard aliuliza.

"Mzee," alisema Perpetua, "hapa anayehoji ni mimi."

"Mwache ajibu."

Imakulata alijibu, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akavuta karatasi, akasaini kila ukurasa.

"Na mkinifunga, afande," alisema akirudisha kalamu, "hiyo nayo nitaiandika kwenye wasifu."