Nakala ya Tatu

Ilikuwa Jumanne ya kawaida tu. Nilitoka shuleni ninakofundisha saa sita na nusu, nikampelekea mdogo wangu Obed ndizi na maharage ofisini kwake, Tukuyu mjini. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na hapa kwetu mvua si habari.

Obed alikuwa fundi wa chama kilichorekodi sauti za wazee: nani alihamia wapi, mpaka wa nani unaishia kwenye mti gani. Sauti hizo zilikaa kwenye mashine tatu zilizounganishwa. Moja ilikuwa hapo mjini, moja Makandana, ya tatu Bulyaga. Humo ndani alikuwa ametenga maghala. Ghala lenyewe si chumba. Vitu vyake hutawanywa kwenye mashine zote, na kila ghala lina sheria yake ya kutunza nakala ngapi. Ghala la Wazee lilikuwa na nakala tatu, kila mashine moja. Ni kama mama anavyogawa mbegu za magimbi kwa majirani: zako zikioza, za mwenzio zipo.

Aliyezidai hizo tatu ni mzee Asajile, jirani yetu wa Bulyaga, kabla hata hajafungua mdomo kurekodiwa. Yeye ndiye shahidi pekee aliyebaki, aliyemwona babu akimkatia baba yetu, Lukasi, shamba la migomba. Baba alishazikwa humo, na mama yetu, Felista, alikuwa analitegemea. Baba mdogo Erasto naye alikuwa analimezea mate.

"Maneno yangu yakae kwa watatu," mzee alimwambia Obed. "Mmoja husahau. Wawili hugombana. Ukiyaweka kwa mmoja, umenizika mzima."

Obed akamwapia, kisha akamrekodi. Mwezi haukuisha, mzee Asajile akafariki.

Sasa Jumanne hiyo, wakati Obed anakula, aliingia bosi wake, Nelson, ambaye siku hizo alikuwa amegeuza mashine za chama kuwa kabati la video za harusi.

"Obed, nafasi imejaa. Leo nataka nyingine."

Alipotoka, Obed alinawa mikono, akafungua sheria za Ghala la Wazee. Akapunguza nakala kutoka tatu hadi moja. Mashine ikakataa. Ikamtaka aandike kwamba anajua anachokifanya na anakimaanisha kweli. Akaandika.

"Sasa je, mzee Asajile?" nikamtania.

"Wafu hawalalamiki, dada Esnath."

Nikacheka. Nalisema hili kwa sababu nimechoka kulificha. Mimi nami nilicheka.

Baada ya wiki tatu, mashine ya Bulyaga ilikufa. Haikupigwa radi wala haikuibiwa. Ilichakaa tu, kama vitu vinavyochakaa. Na sauti ya mzee Asajile, ile nakala moja iliyobaki, ilikuwa humo. Ghala la Wazee likagoma kufunguka.

Obed hakutuambia. Tulijua mbele ya baraza la ardhi, Erasto alikopeleka dai lake la shamba, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Obed alisimama, akasema sauti haipo. Mama alimtazama, hakulia. Baraza likasema pasipo ushahidi shamba ni la Erasto, na mama avune kilichopo aondoke. Hata kaburi la mumewe aliache.

Bulyaga watu hawakupiga kelele. Heri wangepiga. Walinong'ona tu, kila Obed alipopita. Wazee wetu wa Kinyakyusa wana neno, mbepo. Ni baridi. Wanasema mtu akitenda kosa kweli, na majirani wakanong'ona juu yake kwa haki, pumzi zao humfuata zikiwa baridi. Mimi nimesoma chuo, niliyaona ni maneno ya vikongwe.

Obed akaanza kutetemeka. Akapimwa malaria, hana. Akavaa sweta mbili saa nane mchana, jua kali, meno yanagongana.

Siku ya nne akanipigia simu. Alinong'ona.

"Dada, njoo. Ghala limerudi."

Nilikimbia mpaka ofisini. Kwenye kioo cha kompyuta, Ghala la Wazee lilikuwapo, na ndani yake sauti moja tu, ya mzee Asajile. Sheria ya nakala ilisomeka tatu.

"Umeibadilisha wewe?"

"Sijaigusa."

Chini yake mashine ilikuwa imeandika kwamba nakala mbili zipo. Ya tatu inatafutiwa mahali.

"Icheze," nikamwambia. "Tuipeleke kwa baraza leo leo."

Akaicheza. Dakika arobaini za pumzi. Pumzi tu, ya mtu mzee aliyekaa karibu mno. Haikutamka neno. Niliziba masikio, bado nikaisikia shingoni.

"Mashine zilizobaki ni mbili," Obed akasema. "Hakuna pa kuiweka ya tatu."

Nilimwambia azime kila kitu. Alizima. Akang'oa na nyaya za umeme kwa mikono yake.

Kesho yake, saa sita mchana, mama alinipigia. Nilimkuta Obed amekaa chini, mgongo kwenye mgomba, katikati ya shamba. Majirani wamemzunguka. Mdomo wake ulikuwa unakwenda. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee Asajile, na kikohozi chake.

"Mimi Asajile nimeketi hapa. Mpaka wa Lukasi unaanzia mtoni. Unapanda hadi kwenye jiwe jeupe. Chini ya jiwe tulizika jembe lililovunjika mpini. Nimeketi na Lukasi. Nimeketi na Obed."

Halafu anaanza upya. Mimi Asajile. Nimeketi hapa.

Mama akachukua jembe. Akachimba chini ya jiwe jeupe. Jembe la zamani lilikuwapo, limeliwa na kutu, halina mpini. Erasto aliliona kwa macho yake. Akaliokota, akalitupa mtoni mbele yetu sote, akasema mgonjwa si shahidi. Na baraza likasema vilevile.

Obed alisema yale maneno siku mbili. Siku ya tatu alikuwa baridi.

Erasto alikataa tumzike kando ya baba. Tulimzika makaburi ya mjini, kati ya watu tusiowajua, na mama alisimama pale kama mgeni kwenye msiba wa mwanawe. Sijamsamehe Erasto. Sijamsamehe Nelson. Nami mwenyewe sijui nijisamehe kwa lipi.

Jioni ya maziko Nelson alinivuta pembeni. Alikuwa amewasha mashine ili atoe video zake.

"Esnath, lile ghala... limeandika nakala mbili. Linatafuta tena pa kuiweka ya tatu."

Jumatatu nilirudi darasani. Nakumbuka nilishika chaki. Nakumbuka baridi. Kisha nakumbuka wanafunzi arobaini wameinama, wananakili. Nikageuka. Ubao wote ulikuwa umejaa mwandiko wangu. Mimi Asajile nimeketi hapa. Mto, jiwe jeupe, jembe. Nimeketi na Lukasi. Nimeketi na Obed.

Nilishika kifutio. Kisha nikamwona Tusa, mjukuu wa Erasto, dawati la mbele, ananakili kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Nikafikiria kaburi la baba. Nikakiweka kifutio chini.

"Andikeni mmalize," nikasema. "Mkawasomee watu wa nyumbani."

Leo asubuhi Tusa amekuja kwangu kabla ya kengele.

"Mwalimu, babu anatetemeka. Nilimsomea, akaanza kuongea. Anaongea siyo kama yeye."

"Anasema nini?"

Akanifungulia daftari. "Haya haya."

Nikasoma mpaka mwisho. Baada ya Obed kulikuwa na mstari mmoja zaidi, kwa mwandiko uleule mzuri. Nimeketi na Esnath.

"Huu mstari umeutoa wapi? Ubaoni haukuwapo."

Mtoto akapitisha kidole juu ya mstari.

"Sikuuandika mimi, Mwalimu."