Mchubuko Kwenye Pikapu ya Mama Maziwa

Mimi sijawahi kukwaruza kitu maishani mwangu. Sahani nikiziosha mimi hazilii. Mkono wangu ni mwepesi kama unyoya, na jicho langu linapima kuliko futi ya seremala. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu wote mpaka Jumamosi ile saa nne asubuhi. Ilipofika saa sita nilikuwa nimenyamaza kimya, na wanaonijua wanasema hilo peke yake lilikuwa ajabu ya mwaka. Si bure naitwa Chiriku.

Jumamosi sisi hatulali mpaka jua litukute. Mimi na kaka yangu tunaishi kwa Shangazi, na Shangazi ana karakana ya kunyoosha bodi za magari na kuzipaka rangi. Asubuhi nafagia uwanja, naosha sponji na kupanga misasa, ile ya kukwangua upande huu na ile laini upande ule. Nikikosea, Shangazi haniambii mara mbili. Ana sauti ambayo hata gari bovu likiisikia hutamani kuwaka.

Kaka yangu tunamwita Kobe. Hapana, si mvivu. Ni kwamba hupima kitu mara tatu, hukitazama, kisha hukipima tena kana kwamba huenda kimerefuka akiwa amegeuka. Alimaliza shule mwaka juzi, akaanza kujifunza kazi kwa Shangazi. Kwa muda wote huo hakuwahi kuruhusiwa kushika bomba la kupulizia rangi. Alipiga msasa, akafuta vumbi, akapiga msasa tena.

Asubuhi hiyo Shangazi alimwita mbele ya pikapu ya Mama Maziwa, mteja wetu muuza maziwa. Ilikuwa ya kijani, imetoka kupakwa rangi baada ya wiki tatu za kazi, na inang'aa mpaka nikajiona meno. Ilibaki kufungwa mipira ya kuzuia matope, ile inayoning'inia nyuma ya kila gurudumu.

"Kobe, hii kazi ni yako peke yako," Shangazi alisema. "Osha ukingo wa bodi, kausha, bandika tepu ya karatasi juu ya rangi. Tia alama kwa nyundo na msumari ili ncha ya drili isiteleze. Ukishatoboa, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye tundu, weka washa, kile kipete cha mpira, ndipo ukaze skrubu. Usikaze kama unayefunga mlango wa jela. Ikitoka safi, Jumatatu unashika bomba."

Kobe aliuliza, "Bomba la rangi, Shangazi?"

"Kwani kuna la chai?"

Shangazi aliingia chumba cha rangi, akavaa barakoa na kuwasha mashine ya upepo. Ikiwaka hiyo, hata paa lianguke hasikii.

Kobe alianza. Jamani! Gurudumu la kwanza lilimchukua muda ambao mimi ningefunga mipira kwenye msafara mzima. Alibandika tepu, akaipapasa kama daktari anayempapasa mgonjwa. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Alipofika la nne, la nyuma kulia, akakuta washa zimekwisha.

"Naenda duka la vifaa, narudi sasa hivi," alisema. "Chiriku, usiguse kitu."

Usiguse! Nilipandwa na hasira. Nina miaka kumi na mitatu, najua majina ya misasa yote, halafu naambiwa usiguse kama mtoto anayetambaa kwenda jikoni? Nilimtazama akiishia langoni, nikasema kwa sauti, "Leo utaona kazi."

Nikachukua drili. Tepu sikubandika. Niliona ni mbwembwe za Kobe. Kwani nachimba kisima? Msumari na nyundo nikaviacha palepale. Tundu la kwanza lilitoka vizuri, nikajipongeza. Tundu la pili, ncha iligusa rangi, ikacheza kidogo, kisha ikakimbia.

Krrrrr.

Nilipoivuta drili, kulikuwa na mchubuko mrefu kama penseli mpya.

Nikaufuta kwa kidole. Upo. Nikaufuta kwa mate. Ajabu, ukapotea! Yakikauka, unarudi. Basi nikaelewa. Nilichota maji kopo zima, nikaumwagia upande wote wa nyuma, na mchubuko ukatoweka kama haujawahi kuzaliwa. Nikafunga mpira haraka, bila rangi ya kuzuia kutu, bila washa. Kisha nikashika ufagio na kuanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Kobe aliporudi alisimama kama nguzo. "Nani amefunga huu?"

"Malaika."

"Chiriku, nilikwambia usiguse! Uliweka tepu?"

"Niliweka. Wewe kaka, kusaidiwa nako kunakuuma?"

Alikuwa amekunja uso kweli. Akachukua bisibisi afungue aangalie, na hapohapo honi ikalia langoni. Mama Maziwa alikuwa ameletwa na gari la kukodi. Mashine ya upepo ikazimwa, Shangazi akatoka akifuta mikono.

Mama Maziwa ni mwanamke mnene, mcheshi, lakini wiki tatu za kusafirisha maziwa kwa gari la watu zilikuwa zimemmaliza ucheshi. Alizunguka pikapu yake taratibu, akitabasamu. Jua nalo lilikuwa linafanya kazi yake. Maji yalikauka juu, yakakauka katikati, yakaanza kukauka chini. Mimi nilikuwa nayaombea yasikauke. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuombea maji machafu kiasi kile.

Tabasamu la Mama Maziwa likafa.

"Fundi," alisema, "hiki ni nini?"

Shangazi akainama. Aliponyanyuka, mishipa ya shingo ilikuwa imesimama.

"Kobe!"

"Shangazi, hi... hilo la nyuma kulia si mimi. Ni Chiriku."

Macho yote yakanigeukia. Na hapa ndipo mdomo wangu, ambao huwa unafika kabla yangu, ukasema, "Mimi? Mimi si nafagia tangu asubuhi?"

Kobe akikasirika maneno humkwama. Alifungua mdomo, akaufunga, akaninyooshea kidole. Mimi maneno hayanikwami. Nikaongeza, "Ameniona mdogo, ndiyo maana ananibebesha."

"Huna haya!" Shangazi alimfokea Kobe. "Umeharibu kazi ya mteja, halafu unamsingizia mtoto? Sahau bomba! Sahau Jumatatu! Utapiga msasa mpaka uote mvi!"

"Na mimi maziwa yangu niyabebe kichwani?" Mama Maziwa naye alipaza sauti. "Wiki tatu! Rangi mpya haijafika hata barabarani!"

Kelele zilikuwa nyingi hivi kwamba mshonaji wa jirani, ambaye dirisha lake linatazama uwanja wetu, alisimamisha cherehani na kutoa kichwa nje kuuliza kuna nini. Kobe alivua ovaroli yake, akaikunja vizuri, kona kwa kona, hata katika hasira hakuweza kuikunja ovyo. Akaiweka juu ya kiti na kuanza kuelekea langoni.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini nilijikasirikia mno, na hasira ile nikaigeuza kwa Kobe: kwa nini hajui kujitetea? Kwa nini anaondoka kama mwenye makosa?

Shangazi alichukua bisibisi akafungua mpira ule mwenyewe ili auone uharibifu wote. Akatazama tundu. Akalitia kidole. Bati lilikuwa jeupe, tupu, na washa hakuna. Akaenda gurudumu la kushoto, akafungua mpira mwingine. Tundu lilikuwa na rangi ya kuzuia kutu kuzunguka ukingo wote, washa imekaa sawa, na rangi ya kijani pale ilipokuwa imefunikwa tepu haina hata alama ya ukucha.

"Kobe, simama," alisema. Kobe akasimama langoni bila kugeuka.

"Matundu haya hayakutobolewa na mkono mmoja." Sauti ya Shangazi ilikuwa imeshuka, na ikishuka ndiyo mbaya zaidi. "Chiriku, nakuuliza mara moja."

Ufagio ukanidondoka.

"Ni mimi, Shangazi."

Nilitegemea kofi. Ningelipokea hata kwa furaha. Badala yake alinishika bega, akanisogeza mpaka pua yangu ikawa karibu na mchubuko.

"Unauona huu? Nitaupiga msasa, nitaujaza, nitaupuliza rangi, na jioni hata wewe hutaupata tena. Sasa niambie. Yale maneno niliyomwambia kaka yako mbele ya mteja na mbele ya majirani, nitayatoa kwa msasa namba ngapi? Nimemwambia anasingizia, na yeye peke yake ndiye aliyesema kweli. Kuteleza kwa drili ni ajali, hata mimi nimewahi kutelezewa. Kunyamaza ukimwangalia mwenzako anaumia kwa ajili yako, hiyo si ajali. Hiyo umeitengeneza mwenyewe, kwa akili zako timamu."

Machozi yalikuwa yananitoka, na safari hii nilijua kabisa nani wa kukasirikiwa.

Shangazi akamgeukia Kobe. "Na mimi nimekosa. Nilikupima kwa mdomo wa huyu, sikukupima kwa kazi yako. Nisamehe, baba. Vaa ovaroli. Hatungoji Jumatatu. Mchubuko huu utaupuliza wewe, leo, na mimi nitasimama pembeni."

Kobe alimtazama Mama Maziwa kwanza, kwa sababu pikapu ni yake.

Mama Maziwa alishusha pumzi ndefu. "Mtu anayepaka rangi hata ndani ya tundu ambalo hakuna atakayeliona," alisema, "mimi namwachia gari. Nitangoja mpaka jioni. Lakini huyu mwenye ufagio akae mbali!"

"Chiriku," Shangazi akasema, "mwombe kaka yako msamaha. Kwa sauti. Kelele zilisikika na wote, na msamaha usikike na wote."

Nikafuta pua. Kobe alikuwa amesimama mbele yangu akifunga vifungo vya ovaroli, bado amekunja uso.

"Kaka, nisamehe," nilisema, na nilimaanisha. "Nilikudanganya, nikakusingizia, na ulikaribia kukosa bomba kwa ajili yangu." Ningeishia hapo ingekuwa vizuri sana. Lakini niliona kichwa cha mshonaji dirishani, niliona Mama Maziwa ananitazama, na kiburi kidogo kilichobaki kikanikuna ulimi. "Ila kazi yenyewe niliifanya kwa uangalifu. Tepu niliibandika vizuri kabisa, ikabanduka yenyewe."

"We Chiriku!" mshonaji alipiga kelele kutoka dirishani. "Tepu ipi hiyo? Ile uliyoivaa mkononi kama bangili, ukawa unaimba kwenye drili kama kipaza sauti? Nilikuona mwanzo mpaka mwisho, hata kiuno ulikata!"

Mama Maziwa aliziba mdomo kwa kanga. Shangazi alifumba macho kama mtu anayehesabu mpaka mia.

Mimi nilivuta mkono wa sweta taratibu ufunike bangili ile, nikidhani hakuna anayeona. Kobe akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Ilete," alisema. "Nina kazi nayo."