Mwana wa Mamba Sandukuni

Giza lilikuwa halijaingia sawasawa Tamar alipotoka kutafuta makaa. Stima ilikuwa imekatika tangu adhuhuri, mvua ikanyesha, na upepo wa mtoni ukaleta baridi ambayo watu wa kijiji cha Wema hawajaizoea. Wenzake walitaka makaa ya chai. Yake yalikuwa ya mamba.

Alimkuta Harrison, muuza makaa, akifunika magunia kwa turubai.

"Mama Maurine, pole na mvua."

"Tushapoa."

"Bado mnaye yule mnyama?"

Tamar alimsogezea debe. Harrison akalijaza mpaka likafurika, akageuza uso.

Kijiji kizima kilijua. Maurine alikuwa na miaka saba, mtoto wa pekee, na mamba alimchukua akisuuza sufuria pale wanapoteka maji. Sufuria ilipatikana. Mtoto hakupatikana, hata kipande cha nguo cha kuzika. Na huku watu husema mamba anayemwacha mbuzi akamchukua mtu si mamba wa bure. Ana mwenyewe. Ametumwa.

Jotham, mume wa Tamar, hakwenda kwa mganga. Alishuka mchangani mamba wanakotaga, akarudi na mtoto wa mamba aliyeanguliwa juzi, amemfunga katika shati lake.

"Ng'ombe wa mfugaji Abduba wakiingia kwenye mahindi yetu, tunafanyaje?" alimwuliza mkewe.

"Tunawashika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe aje, tusikizane."

"Basi."

Mfa maji haachi kutapatapa. Tamar alijua kuwa ni wazimu, akaushika kwa mikono miwili.

Jotham akaunda sanduku la mbao. Upande mmoja aliweka balbu, akaizungushia wavu wa kuku mnyama asije akajiunguza. Upande wa pili aliweka beseni la maji, joto likizidi ajisogeze huko. Matundu ya chini aliyatoboa karibu na balbu, hewa iingie, na ya juu akayatoboa upande wa beseni, hewa iliyochoka itoke.

"Joto peke yake halitoshi," alimwambia. "Haya usiyazibe hata siku moja. Akifia mikononi mwetu, hatuna tena la kudai."

Basi Tamar akawa mlezi. Alipima joto kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akipima maji ya kumwogesha Maurine. Alimlisha panzi na visamaki. Mara nyingine, Mungu amsamehe, alimwimbia.

Siku hiyo Jotham alikuwa amekwenda mjini Minjila kutafuta betri ya kuwasha balbu, na mvua ikamzuia huko. Tamar aliporudi na debe lake alimkuta mnyama amelegea, baridi tupu. Akawasha jiko, akalisogeza ubavuni mwa sanduku, akafunga mlango na dirisha. Lakini upepo ulipenya kwenye nyufa za ukuta ukaingia matunduni. Fyuu... fyuu... Kila ukivuma, kile kiumbe kilijikunja.

Mama gani atamwona mtoto anatetemeka asifunge dirisha? Tamar alichana kanga yake, akaziba tundu moja, kisha la pili, kisha yote. Kwa muda mfupi tu, alijiambia. Akishapata joto nitayazibua.

Mnyama akaanza kutembea. Akalia kile kilio chake chembamba, akaparura mbao.

Kwaru... kwaru...

"Umepata joto, ee mwanangu?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia, akalia kidogo.

Kisha kimya. Amelala, alifikiri. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kizito, akakiegemeza ukutani.

Harufu ndiyo iliyomzindua. Harufu ya tope la chini kabisa, lile ambalo jua halijawahi kuliona.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke, ya chini. Hakuna mbwa aliyebweka.

"Karibu... Nani mwenzangu?"

"Mwenyewe."

Tamar alifungua mlango. Mwanamke alisimama mvuani, leso imemfunika uso, maji yanamtiririka. Hakuvuka kizingiti.

"Nimemfuata mwanangu," alinong'ona. "Tusikizane."

Nyuma yake, kwenye migomba, alisimama mwingine. Mfupi. Maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mama. Mpe mwanawe, twende nyumbani."

Sauti hiyo Tamar angeitambua hata kaburini. Alikimbilia sanduku, akang'oa kifuniko, na hewa ya moto ikampiga usoni. Mtoto wa mamba alikuwa amejikokota mpaka kwenye tundu la juu. Pua yake ilikuwa imezama ndani ya kitambaa cha kanga, mdomo wazi.

Hakupumua.

Tamar alimsugua kifuani pake. Akampulizia puani. Mwisho akamkunja katika kanga iliyobaki, akampeleka mlangoni.

"Amelala," alisema.

Mwanamke alimpokea. Akamweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Uliziba."

"Nilimwonea baridi. Haki ya Mungu, nilimwonea baridi tu!"

"Najua." Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Wako, kule ukingoni, mimi nilimwachia tundu la kupumulia."

Akageuka. Yule mdogo akageuka pia, kwa kuwa alishikwa mkono.

"Maurine!"

Alfajiri Jotham alimkuta mkewe amelala kizingitini, matope mpaka mdomoni. Muuguzi wa zahanati alisema ni moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa. Huonyesha watu mambo, alisema, kisha huwaua, na Tamar ashukuru kwamba mlango ulifunguka. Jotham alishika maneno hayo, akayarudia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sanduku lilikuwa tupu. Na kutoka mlangoni hadi kwenye migomba kulikuwa na nyayo ndogo zenye vidole vitano, zimekuja, zimerudi. Tamar alimwona mumewe akizifuta kwa mguu upesi upesi. Hakumwambia kwamba ameziona.

Alichukua jembe, akashuka mtoni. Alitembea ukingoni akilala kifudifudi kila baada ya hatua chache, sikio ardhini, akitafuta tundu aliloachiwa Maurine. Mahali pamoja akasikia kitu, au akataka kusikia. Akaanza kuchimba.

Jotham alisimama nyuma yake. "Ni moshi, Mama Maurine," alisema. "Ni moshi tu. Twende nyumbani."

Tamar aliendelea kuchimba. Baada ya kitambo alisikia jembe la pili likipiga udongo kando yake, kwa nguvu, la mtu anayelia. Ukingo ulikuwa mrefu, na mto ulikuwa unapanda.