Picha ya Mama Imekatwa

“Usiniulize kitu. Njoo uangalie nyuma.”

Pikseli alikuwa ndiyo kwanza anaingia, jasho linamtoka, boksi tupu la kadi za harusi liko kwapani. Alidhani ni utani wa kila siku wa mpenzi wake, akacheka.

“Nyuma ya nini, mpenzi?”

“Nyuma ya mama yako.”

Kicheko kikakatika. Mikasi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu, mikono imelala mapajani kama si yake. Mbele yake, juu ya ubao wa kukatia, palikuwa na vipande viwili vya picha ya zamani: mwanamke na mwanamume, kila mmoja amekatwa kufuata umbo lake, kuanzia nywele hadi visigino. Kazi safi kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Pikseli akakigeuza kipande cha mwanamke. Mgongoni palikuwa na nusu ya muhuri wa studio, wino wa zambarau uliofifia. Printa yake ilijua mengi, lakini kupiga mihuri nyuma ya karatasi haikujua.

“Hii ndiyo yenyewe,” alisema taratibu.

“Ndiyo yenyewe.”

“Umemkata mama.”

“Nimemkata mama.”

Wawili hawa walikuwa wanagawana chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vifungo na zipu. Upande wa dirishani kulikuwa na kompyuta, skana na printa za mwanamume. Upande wa mlangoni kulikuwa na meza ya mwanamke: rundo la karatasi ngumu, gundi, sindano, uzi, na mikasi ya kila ukubwa. Pikseli alizichukua picha za wateja, akazisafisha kwenye kompyuta, akachora majani, fremu na herufi za madoido, akachapa. Mikasi akavipokea vile vilivyochapwa, akavikata, akavikunja, akavipandisha tabaka juu ya tabaka mpaka ukifunua albamu ua linakuinukia usoni. Majirani wa kwenye korido ndio waliowapa majina, Pikseli na Mikasi, na majina yakakaa. Walianza kwa kuchangia kodi ya chumba, wakaja kuchangia chakula cha mchana, na siku moja fundi cherehani wa mlango wa pili akawakuta wanachangia kikombe kimoja cha chai. Akaurudisha mlango polepole, na kufikia jioni korido nzima ilikuwa na habari.

Kazini walikuwa na sheria moja. Picha ya mteja ikishapigwa skani inarudi kwenye bahasha ya kaki, na mkasi haugusi kitu cha kwenye bahasha. Unagusa nakala tu. Sasa ni nani aliyeitoa picha hii kwenye bahasha?

“Nilikutumia ujumbe!” Pikseli alilalamika.

“Simu iko kwenye chaji na mikono yangu ina gundi. Ujumbe gani?”

Akamwendea na simu yake mwenyewe, akamwonyesha.

“Mikasi wangu, picha ziko mbili mezani. Usikate mpaka nirudi. Nataka nione kama utaijua iliyo halisi.”

Mikasi aliusoma, akafumba macho.

“Yaani ulikuwa unanipima.”

“Nilikuwa nakuringishia. Nilichapa na mikunjo yote, na umanjano wote. Tena nikaongeza kidogo.”

“Uliongeza! Niliona moja imechakaa, nyingine iko safi. Nikasema hii iliyochakaa ni ya mzee, nisiiguse. Nikakata iliyo safi.”

“Ile iliyochakaa ndiyo yangu.”

“Sasa hivi najua.”

Wangeweza kucheka, kama ingekuwa picha nyingine. Lakini hii ilikuwa ndiyo picha pekee ya wazazi wa Pikseli wakiwa pamoja. Mama alishafariki. Watoto walikubaliana kumtengenezea baba yao albamu, na Jumamosi ndiyo siku ya kumkabidhi. Na Jumamosi hiyohiyo Pikseli alikuwa amepanga kumpeleka Mikasi nyumbani kwao na kumwambia baba, mbele ya watu, kwamba huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Mikasi alikuwa ameshanunua gauni. Usiku alikuwa anarudiarudia kimoyomoyo namna atakavyosalimia.

“Sikiliza,” Pikseli alisema, akivuta kiti. “Skani ninayo. Natafuta karatasi ya kufanana, nachapa nyingine, natia kwenye bahasha. Wewe umeshindwa kuzitofautisha, na hii ndiyo kazi yako. Baba na miwani yake ile ataweza?”

“Hataweza.”

“Basi, yamekwisha.”

“Mimi nitaweza. Kila nikija kwenu, mzee akiitoa picha yake akaishika, mimi nitakuwa nimekaa pale najua ameshika karatasi uliyoichapa juzi.”

“Mpenzi, ni karatasi tu.”

“Karatasi tu? Miaka yote hii tunalala njaa kwa ajili ya nini, kama ni karatasi tu?”

Kabla hajajibu, simu yake ikaita. Dada mkubwa. Huyo dada alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na hata ukiwa na ndevu alikuita kama anaita mahudhurio. Pikseli akapokea, na sauti ikajaa chumba kizima bila kuhitaji spika.

“Wewe! Picha ya mama iko wapi? Baba anaiulizia tangu jana. Nimemwambia iko kwa fundi. Anasema fundi gani, simjui.”

“Ipo, dada.”

“Ipo salama?”

Pikseli alimtazama Mikasi. Mikasi naye alikuwa anamtazama, hapepesi macho.

“Ipo salama, dada. Usiwe na wasiwasi.”

Akakata simu. Mikasi alikuwa ameshasimama. Alichukua karatasi laini, akavifunga vile vipande viwili kama anafunga kitu chenye homa, akaviweka kwenye mkoba.

“Unaenda wapi?”

“Nyumbani.”

“Ulitaka nimwambieje? Unamjua dada. Angesema, nilikwambia, watu wa kukatakata hao. Angekukataa kabla hujakanyaga mlango!”

“Anikatae mimi, basi. Siyo anikubali kwa ajili ya kitu ulichokichapa.”

Akatoka. Fundi cherehani alimwona anapita kwenye korido, akafungua mdomo kutania, akaufunga.

Jioni simu ililia mara nyingi. Mikasi hakupokea. Meseji alizisoma zote, tena alizirudia, kwa sababu hasira ni kitu kimoja na mapenzi ni kitu kingine, na usiku ule vilikuwa vimelala kitanda kimoja.

“Nisamehe. Niliogopa.”

“Siyo picha niliyoogopa. Niliogopa kukukosa.”

“Nijibu hata tusi.”

Aliandika, akafuta. Akaandika tena: “Nakupenda, ndiyo maana siwezi.” Akaifuta na hiyo.

Asubuhi hakwenda kazini. Hakulivaa lile gauni la Jumamosi. Alivaa nguo yake ya kazi, yenye alama za gundi kwenye mikono, akaenda moja kwa moja mpaka kwao Pikseli, nyumba ambayo alikuwa ameiona kwa picha tu. Njiani aliipanga hotuba yake vizuri. Alipofika mlangoni hotuba yote ikampotea.

Aliyefungua ni dada mkubwa.

“Karibu. Wewe ni nani?”

“Mimi ndiye fundi, dada.”

Ndani, kwenye meza ya chakula, mzee alikuwa amekaa na chai yake. Mbele yake alikaa Pikseli, mikono katikati ya magoti, chai yake imepoa haijaguswa. Alikuwa amekaa hivyo tangu alfajiri, na baba yake alikuwa ameshamuuliza mara mbili kama anaumwa. Alipomwona Mikasi alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

“Baba, picha ya mama nimeiharibu mimi!”

“Si yeye, baba, ni mimi,” Mikasi alidakia. “Shikamoo baba.”

“Marahaba. Imeharibiwa?”

“Mimi ndiye niliyeitoa kwenye bahasha, baba, nikaiweka…”

“Mimi ndiye niliyeshika mkasi…”

“Nilikuwa najionyesha, nikachapa nakala…”

“Ningeuliza kwanza, sikuuliza…”

“Mmoja mmoja!” mzee alifoka. “Mnagombea kosa kama mnagombea siti. Wewe binti, sema.”

Mikasi akasema yote, hakuacha kitu, wala hakumsukumia mwenzake. Akafungua mkoba, akakunjua ile karatasi laini, akaviweka vile vipande viwili juu ya kitambaa cha meza. Dada alishika mdomo.

“Mungu wangu. Mmemtenganisha mama na baba.” Akamgeukia mdogo wake. “Na jana ukaniambia ipo salama! Unaniambia mimi!”

“Niliogopa, dada.”

“Na huyu ndiye uliyetaka kutuletea Jumamosi? Huyu huyu?”

Mikasi alimgeukia. “Sikuja kujitetea, dada. Nimekuja kwa sababu kitu cha mtu kikiharibika mikononi mwako unakirudisha mwenyewe. Baba, nisamehe. Nikimaliza hapa nitaondoka, na Jumamosi sitakuja.”

Mzee hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amevaa miwani yake, ameinamia meza. Alikichukua kile kipande cha mkewe kwa vidole viwili, akakisogeza kidogo kulia. Akatulia. Akakisogeza tena.

“Baba?” dada aliita.

“Subiri.”

Akakisogeza mara ya tatu, mpaka bega la mwanamke likagusa bega la mwanamume. Akaondoa mkono wake, akaegemea kiti, akatazama.

“Mnajua kwa nini mama yenu amenuna?”

Wanawe walikua na picha ile, wakiamini mama alikuwa mtu wa kutocheka mbele ya kamera.

“Nilichelewa. Nilimwambia anisubiri studio, nikapita kwa marafiki, nikafika ameshavuja jasho na poda yote imeshuka. Hakunisemesha. Mpiga picha anamwambia, mama, sogea kidogo kwa mumeo. Akamwambia, piga hivyohivyo. Basi akapiga hivyohivyo. Katikati yetu pangeweza kukaa mtu wa tatu!” Alicheka, na machozi yakamtoka wakati uleule. “Tulipatana siku hiyohiyo, kabla hata hatujafika nyumbani. Lakini picha haikupatana. Kila nikiitazama mimi naona ile nafasi tu. Sijawahi kumwambia mtu.”

Dada alivuta kiti akakaa. Ualimu mkuu wote ulikuwa umemtoka.

“Baba,” Pikseli alisema kwa sauti ndogo, “mbona ningewasogeza kwenye kompyuta? Ni kazi ya dakika chache. Hata kumfanya atabasamu ningeweza.”

“Thubutu! Ukimfanya atabasamu utakuwa umeniletea mwanamke mwingine. Huyu aliyenuna ndiye wangu.” Akamgeukia Mikasi. “Binti, gundi unayo?”

“Ninayo, baba. Lakini vinahitaji pa kukaa.” Alisita, halafu fundi aliyemo ndani yake akamshinda mwenye aibu. Kwa mara ya kwanza tangu jana akamsemesha Pikseli. “Lile pazia la studio nyuma yao. Kwenye skani lipo lote?”

“Lipo. Nikiwaondoa wao, naweza kulijazia pale walipokuwa.”

“Lichape kwenye karatasi ngumu, liwe kubwa kidogo. Usiongeze umanjano.”

“Siongezi hata chembe.”

Akatoka mbio. Alirudi baadaye na pazia limechapwa, bado linanukia printa, mikunjo ya kitambaa inaonekana mmoja mmoja, na hakuna mtu mbele yake. Mikasi alikata vipande vidogo vya karatasi nene, akavibandika nyuma ya vile vipande viwili ili wazee wainuke kidogo kutoka kwenye pazia. Kipande cha mzee akakiweka yeye. Cha mama akakipaka gundi, akamkabidhi mzee mkononi.

“Huyu mweke mwenyewe, baba. Usiogope. Gundi hii inakupa muda kidogo wa kumsogeza kabla haijashika.”

Mzee alimweka mbali, akamsogeza. Bega likagusa bega. Akambonyeza kwa kidole gumba, akakaa hivyo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji, na hakuna aliyemharakisha. Dada alikuwa analia wazi sasa, na katikati ya kilio chake akamsukumia Mikasi kikombe cha chai ya moto.

“Kunywa, wifi,” alisema. “Na Jumamosi uje mapema. Siyo kama baba.”

Mikasi alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

Mzee alivua miwani, akaipangusa, akainua kichwa. Mwanawe alikuwa bado amesimama kule mlangoni alikoingilia, kama mgeni anayesubiri kuambiwa akae wapi.

“Na wewe mbona umesimama kule? Unasubiri mpiga picha?”

Pikseli alikuja, akazunguka meza, akasimama pembeni ya kiti cha Mikasi.

“Bado umeninunia?” alimnong’oneza.

“Kidogo.”

“Naruhusiwa kusogea?”

Mikasi alikiweka kikombe mezani, akamshika mkono, akamvuta chini mpaka mabega yao yakagusana, na alikuwa bado amenuna.